Chujio linalokataa maji: kazi linayoiweza na kazi lisiyoiweza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeteka maji ya nyumba, safari hii ukurasa wetu unazungumza juu ya vitu viwili ambavyo kila mtu anajua kwamba havipatani: maji na mafuta. Penye mgodi pana mashini. Penye mashini pana mazuti, esansi na mafuta ya mota. Na mvua inaponyesha, hayo yote yanatafuta njia ya kuteremka mtoni.

Hapa Bunia, na katika vilima vyote vya Ituri, maji hayakai pahali pamoja. Kijito kilicho nyuma ya garaji kinaingia katika mto mdogo, mito midogo inateremkia Shari, Shari unaelekea Ituri, na Ituri unakwenda hata mto Kongo. Mtu wa chini anakunywa kile alichokimwaga mtu wa juu.

Siku hizi kuna nyavu, vitambaa na sponji zilizopakwa utando unaokataa maji. Vitu hivi vinapitisha mafuta na kuzuia maji. Huenda umeona mojawapo katika garaji: ni ile faneli yenye wavu mwembamba ndani yake, ambayo dereva anaitumia anapotia mazuti. Ni chombo chema na kinafaa kazi. Lakini wako watu wanaodhani kwamba maji yaliyotenganishwa na mafuta kwa chujio hilo yamekuwa safi, na kwamba mtu anaweza kuyanywa. Hapo ndipo pana hatari, na kwa sababu hiyo tumeandika makala haya.

MAJI YANAKATALIWA NAMNA GANI?

Angalia jani la gimbi wakati wa mvua. Tone la maji likianguka juu yake halienei. Linajikusanya kama ushanga, linateleza na kuanguka, na jani linabaki kavu. Angalia pia bata anapotoka mtoni: anajikung'uta mara moja tu, na mwili wake umekauka. Jani lina nta juu yake, na bata anajipaka mafuta kwa mdomo wake, akiyatoa katika tezi iliyo karibu na mkia.

Sababu yake ni hii. Maji yanashikamana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu nyingi. Yakiwekwa juu ya kitu ambacho hakiyavuti, kama nta, yanaona afadhali kujikusanya kuliko kuenea. Mafuta ya mashini hayana nguvu hiyo ya kushikamana. Yakiangukia nta yanatandaa na kulowanisha.

Lakini nta peke yake haitoshi. Wataalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza mwaka 1997 kwamba majani kama ya yungiyungi na ya gimbi yana vivimbe vidogo sana ambavyo jicho halivioni, na nta iko juu ya vivimbe hivyo. Tone la maji linakaa juu ya ncha tu, na hewa inabaki chini yake. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: utando unaochukia maji, na uso wenye mikwaruzo midogo.

WAVU ULIOPAKWA UTANDO

Mwaka 2004, huko Beijing, Feng Lin, Jiang Lei na wenzao wa Chuo cha Sayansi cha China walichukua wavu wa chuma kisichoshika kutu, wakaupaka ile plastiki ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Teflon, ile iliyomo katika vikaango visivyoshika chakula. Plastiki hiyo yenyewe iligunduliwa Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett. Walipomimina maji juu ya wavu, yalisimama kama shanga na hayakupita. Walipomimina mazuti, yalienea na kushuka chini mara moja. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wametengeneza nyavu, vitambaa, karatasi na sponji za namna hiyo, wakitumia silikoni, nta au asidi za mafuta pahali pa Teflon.

Dereva wa lori atasema: jambo hili si geni kwangu. Ni kweli. Filtri nyingi za mazuti katika malori na jenereta zina karatasi iliyotiwa dawa ya kukataa maji. Maji yanazuiwa, yanaanguka chini katika kikombe cha filtri, na fundi anayamwaga kwa kufungua kifuniko kidogo. Fundi asiyefungua kifuniko hicho kila wakati uliopangwa anaacha maji yajae, na mwisho yanaingia katika pampu.

KAZI YAKE YA KWANZA: KUTOA MAJI KATIKA MAZUTI

Maji yanaingiaje katika pipa lililofungwa? Pipa likisimama nje, mvua inakaa juu yake kama katika sahani. Mchana jua linalipasha moto, na hewa ya ndani inatanuka. Usiku baridi ya milima yetu inaingia, hewa inanywea, na pipa linavuta maji yaliyo juu kupitia kifuniko kisichokaza vizuri. Baada ya majuma machache maji yamekaa chini ya mazuti. Hapo vijidudu vinazaliana na kufanya uchafu mweusi wenye utelezi, ule unaoziba filtri.

Kwa hiyo weka pipa chini ya paa. Kama hakuna paa, lilaze ubavu juu ya mbao, vile vifuniko viwili vikae usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kuume, mafuta yavifunike kwa ndani. Hapo hewa haitavuta maji.

Unapotumia faneli yenye wavu uliopakwa utando, fuata taratibu hizi:

1. Weka chombo chini, juu ya udongo, mahali penye hewa. Hakuna sigara, hakuna moto, hakuna mota inayonguruma karibu.
2. Lowanisha wavu kwanza kwa mazuti yenyewe, siyo kwa maji.
3. Mimina polepole. Ukijaza faneli kupita kiasi, uzito wa maji utayasukuma yapite kwa nguvu katika matundu. Wavu unakataa maji, lakini una mpaka wake.
4. Maji yakionekana chini ya faneli, simama, yamwage katika pipa la taka za mafuta. Usiyamwage katika mfereji wa mvua, kwa sababu yana mafuta ndani yake.
5. Usisugue wavu kwa brashi ya chuma au mchanga. Utando ni mwembamba sana, na ukikwaruzwa maji yatapita pale palipokwaruzwa.
6. Usiuoshe kwa sabuni. Usuuze kwa mazuti safi kidogo, uufunike vumbi lisiingie.

KAZI YAKE YA PILI: KUOKOTA MAFUTA YALIYOMWAGIKA

Mafuta yakimwagika juu ya maji, kitambaa cha kawaida kinashiba maji kabla ya kushika mafuta. Takataka za mbao na majani makavu vilevile: baada ya muda vinazama pamoja na mafuta yake. Kitambaa au sponji inayokataa maji inaelea, inaacha maji na kunywa mafuta tu.

Mungu ameweka kitu cha namna hiyo katika mti wa msufi. Sufi, ile pamba nyepesi ambayo mama zetu wanaijaza katika mito ya kulalia, kila uzi wake ni kama bomba lililo tupu ndani na lenye nta nje. Ndiyo maana zamani sufi ilitiwa katika makoti ya kuokolea watu baharini: haikushika maji upesi. Mbele ya mazuti inafanya kinyume: wataalamu wameipima na kuona inaweza kufyonza mazuti zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Mfuko wa kitambaa kilichofumwa wazi, uliojazwa sufi na kufungwa kwa kamba, ukiwekwa kukingama mfereji, unashika mafuta yanayoelea na kuacha maji yapite.

Watu wa kisiwa cha Morisi walionyesha mwaka 2020 nguvu ya mikono mingi. Tarehe 25 Julai meli Wakashio ilikwama juu ya miamba, na mwezi wa Agosti karibu tani 1,000 za mafuta zikamwagika katika bahari yao. Wananchi hawakungoja. Walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki ziielee, na wengine wakatoa nywele zao, maana nywele nazo zinashika mafuta. Mifuko hiyo haikumaliza mafuta yote, lakini ilisaidia kuyazuia yasienee.

Jambo hili si la watu wa bahari tu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Uganda, mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, na uchimbaji wa visima vya Kingfisher kando ya ziwa ulianza mwaka 2023. Mafuta ya ardhini hutoka pamoja na maji, na lazima yatenganishwe. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, ambao samaki wao tunawala hapa Bunia, wanatupa nyavu zao katika ziwa lilelile.

ADUI WA CHUJIO NI SABUNI

Ndugu wa garaji, sikilizeni vizuri. Mafuta yakimwagika chini, mtu wa haraka anamwaga sabuni ya unga, anapiga maji kwa mpira, na mahali panang'aa. Anadhani amesafisha. Kwa kweli ameyaficha mafuta ndani ya maji.

Sabuni ina ncha mbili: moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta. Inayakata mafuta kuwa matone madogo sana na kuyavisha nguo ya kupenda maji. Matone hayo hayapandi juu upesi. Shimo la kutenganisha, lile lenye vyumba vitatu nyuma ya garaji, linategemea mafuta kupanda yenyewe, kwa kuwa lita ya mazuti ina uzito wa gramu 850 hivi na lita ya maji ina gramu 1,000. Mashimo ya namna hiyo yanayojengwa kwa kipimo cha viwanda vya mafuta vya Marekani yanahesabiwa kushika matone yenye upana wa milimita 0.15 na zaidi. Matone yaliyokatwa na sabuni ni madogo kuliko hayo, nayo yanapita. Yakifika penye wavu uliopakwa utando, sabuni inaondoa ile chuki kati ya wavu na maji, na maji nayo yanaanza kupita. Vyombo viwili vimeharibiwa na kopo moja la sabuni.

Taratibu iliyo nzuri ni hii: kwanza kwangua, halafu tandaza takataka za mbao au mchanga mkavu, fagia, tia katika pipa lenye kifuniko. Maji yaje mwisho, na yawe kidogo. Kapita wa zamu aangalie shimo kila juma: mafuta ya juu yachotwe kabla hayajafika kwenye bomba la kutokea, na tope la chini litolewe. Shimo lililojaa si shimo tena, ni mfereji tu.

CHUJIO HALIWEZI NINI?

Sasa tumefika kwenye neno kubwa la makala haya.

Chukua kikombe cha chai yenye sukari. Ukiichuja, majani ya chai yanabaki katika chujio. Je, sukari imebaki? Haikubaki. Chai bado ni tamu, kwa sababu sukari imeyeyuka ndani ya maji. Na mafuta ndivyo yalivyo. Yanakaa ndani ya maji kwa namna tatu. Ya kwanza yanaelea, nayo unayaona kwa rangi zake. Ya pili ni matone madogo yaliyotawanyika, nayo maji yanaonekana kama yametiwa maziwa kidogo. Ya tatu yameyeyuka, na macho hayaoni kitu. Wavu unaokataa maji unatenga namna ya kwanza vizuri na namna ya pili kwa shida. Namna ya tatu unaiacha yote mahali pake.

Na hiyo ya tatu ndiyo inayodhuru mwili kwa kimya. Katika esansi mna kitu kinachoitwa benzeni. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 1 ya benzeni. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 0.01 kwa lita moja ya maji ya kunywa, yaani gramu moja ikigawanywa mara laki moja. Sababu ni kwamba benzeni, mtu akiinywa au kuivuta kidogo kidogo kwa miaka, inadhuru uboho wa mifupa mahali damu inapotengenezwa, na inaleta kansa ya damu.

Mama atauliza: nikichemsha je? Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu, na kwa maji ya siku zote tunakuomba uendelee kuchemsha. Lakini mafuta si kijidudu. Sehemu yake inapanda na mvuke, nawe unaivuta jikoni karibu na moto. Sehemu nyingine inabaki katika sufuria. Dawa ya klori nayo haiondoi mafuta. Wala kuchota ule utando wa juu kwa kikombe hakutoshi.

Majirani zetu wa Kenya walionja jambo hili. Mwezi wa Mei 2015 mafuta yaliyovuja katika bomba la kutoka Mombasa yalionekana katika mto Thange, upande wa Kibwezi. Yaliingia katika ardhi na katika visima. Mafuta yaliyo juu ya mto yanaweza kuchotwa kwa siku chache, lakini yaliyoshuka ardhini yanakaa miaka, na watu wa Thange waliendelea kudai haki yao mahakamani miaka mingi baadaye.

Usidanganywe na udogo wa mafuta. Ule utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua unaweza kuwa na unene usiofika nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa unene huo, lita moja tu ya mafuta inaweza kufunika mita za mraba 3,000, karibu nusu ya kiwanja cha mpira. Kwa hiyo bidoni moja iliyopinduka kando ya kijito si jambo dogo.

Neno moja zaidi kwa wachimbaji wa dhahabu: wavu huu hauondoi zebaki katika maji. Mtu akikuambia kwamba maji ya kuoshea dhahabu yamepita katika chujio la mafuta na sasa ni salama, usimsadiki.

BIDONI YA MAZUTI SI YA MAJI

Bidoni ya plastiki iliyobeba mazuti au esansi usiitumie kamwe kwa maji ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi kwa sabuni na majivu. Plastiki yenyewe inakunywa mafuta katika ngozi yake, halafu inayarudisha polepole katika maji, siku baada ya siku. Ndiyo sababu harufu hairudi nyuma. Katika nyumba yako tia alama: bidoni ya mafuta ipakwe rangi nyekundu shingoni na ikae nje, mbali na mtungi wa maji na unga.

Kisima au chemchemi ikianza kunuka mafuta, fanya hivi: acha kunywa na kupikia maji yake siku ileile, waambie majirani, weka tawi au alama watoto waelewe, lete habari kwa mkubwa wa kambi na kwa dispanseri. Mteke maji mahali pengine, upande wa juu. Mtu asifiche habari kwa kuogopa kwamba ataulizwa nani aliyemwaga. Tunatafuta kwanza maji mema, makosa yatazungumzwa baadaye.

AFYA YA YULE ANAYESHIKA CHUJIO

Mafuta ya mota yaliyokwisha kutumika si sawa na yale mapya. Yamepikwa ndani ya mashini na yana masizi yanayoleta kansa ya ngozi. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, wanaume walilowa mafuta ya mashini kwenye suruali kila siku, na wengi walipata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani. Basi, fundi, usitie kitambaa chenye mafuta katika mfuko wa suruali. Badili kombinezoni ikilowa. Nawa kwa sabuni na maji, usinawe kwa esansi, maana esansi inaondoa mafuta ya asili ya ngozi na kufungua mlango wa upele. Na yale mafuta machafu usiyapake juu ya kidonda wala upele wa mtoto.

Usivute mazuti kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tumia pampu ya mkono. Tone dogo likiteleza katika pafu linaenea upesi na kuleta ugonjwa mkali wa mapafu.

Chujio, sponji au wavu uliochakaa usiuchome moto, wala usiuwashe jikoni kwa kuwa una mafuta. Teflon ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Mtu akiuvuta, baada ya masaa machache anapata homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua. Atadhani ni malaria, na sisi tusipoambiwa juu ya moshi tutadhani hivyohivyo. Vilevile usivute sigara kwa mikono iliyoshika utando unaobanduka, kwa kuwa vumbi lake linaungua katika sigara na kuleta homa hiyohiyo.

Utando wenyewe nao una mambo yake. Baadhi ya dawa za kukataa maji zimetengenezwa kwa kemikali za florini ambazo hazivunjiki kwa urahisi katika udongo wala katika mwili. Moja yao, inayoitwa PFOA, iliwekwa mwaka 2023 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu. Wanunuzi wa magasini waulize: utando huu ni wa kitu gani? Ule wa silikoni au wa nta ukiweza kufanya kazi, huo uchaguliwe.

MTOTO AKINYWA MAFUTA

Mafuta ya taa katika chupa ya soda ni mtego. Mtoto anaona chupa, anaona maji. Akiwa amekunywa mafuta ya taa, esansi au mazuti:

Usimtapishe. Mafuta yakipanda yanashuka katika mapafu, na hiyo ndiyo inayoua.
Usimpe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala chumvi.
Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji.
Mkalishe, usimlaze chali. Akitapika mwenyewe, mwinamishe kichwa chini.
Mlete dispanseri upesi, pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheka na kucheza. Kikohozi na kuhema mbio vinaweza kuanza baadaye, kwa hiyo tunamwangalia masaa 6 au zaidi kabla ya kumruhusu.

TUKUMBUKE

Chujio linalokataa maji linasaidia mota, linasaidia kuokota mafuta, linasaidia garaji isichafue mto. Halitengenezi maji ya kunywa.
Sabuni inaharibu kazi ya chujio na ya shimo.
Mafuta yasiyoonekana ndiyo ya kuogopa.
Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi mafuta.
Bidoni ya mazuti ibaki ya mazuti.

Ndugu wafanyakazi, lita ya mafuta inayobaki ndani ya pipa haihitaji chujio lolote. Kaza kifuniko, funika pipa, fagia kabla ya kumwaga maji. Anayeteka maji chini ya kilima ni mke wako, au mtoto wa mwenzako wa zamu.